Breki inayojam yenyewe: kalipa, hosi, masta au hendibreki?

Umetoka Buhongwa, hapa Mwanza, asubuhi gari likiwa jepesi. Ukikaribia Mkuyuni linaanza kuwa zito. Unaongeza mafuta, halichangamki. Unaachia pedali, linapunguza mwendo lenyewe badala ya kuserereka kama siku zote. Ukishuka mjini unakutana na harufu kali ya kuungua kwenye tairi la mbele kushoto, na rimu haishikiki kwa joto. Breki imejam, na mguu wako haukuwa juu yake.

Fundi wa kwanza utakayemkuta atakuambia, "Bosi, hii kalipa imekufa, tafuta nyingine." Huenda anasema kweli. Lakini breki hujishika kwa sababu ya kalipa (kibanio kinachokandamiza padi kwenye diski inayozunguka na tairi), au hosi (mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa), au masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) na busta yake (inayouongezea mguu nguvu), au hendibreki, na vitu hivyo vinne havilingani kwa bei wala kwa kazi. Wapo watu wanaonunua kalipa mbili kwa ugonjwa wa hosi moja. Ulinganisho huu ni wa kukusaidia ujue pa kuangalia kabla hujatoa pesa, na ukisimama na fundi uweze kumwomba apime badala ya kukisia.

Kwanza hakikisha ni breki

Gari huwa zito kwa mambo mengi: tairi lenye upepo mdogo, beringi iliyochoka, hata gia. Tafuta barabara tambarare. Ukipima baada ya kushuka Bugando au Isamilo utadanganyika, maana breki zote zitakuwa zimefanya kazi na zote zitakuwa na joto. Kipande cha kuelekea uwanja wa ndege kinafaa kuliko mtaa wowote wa mlimani. Endesha kilomita chache ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, na mwishoni, mahali pasipo na magari, weka nyutro uliache gari lisimame lenyewe.

Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia. Usilinganishe mbele na nyuma, kwa sababu breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi na huwa na joto zaidi hata gari likiwa zima kabisa. Kama mkono hauamini, dondoshea rimu tone moja la maji: ya upande mbovu italikausha papo hapo, ya upande mzima italiacha likitiririka. Tone, si kopo. Maji mengi ya baridi juu ya diski iliyopata moto yanaweza kuipinda au kuipasua, na hili wasikie pia vijana wa kuosha magari, wanaopenda kuanza na matairi gari likiwa ndiyo kwanza limesimama.

Beringi nayo hupasha joto kitovu cha gurudumu, ila hujitangaza kwa sauti: inanguruma, na mngurumo hubadilika ukikata kona. Ukilipiga gari jeki ukashika tairi juu na chini na kulitikisa, beringi mbovu mara nyingi inacheza. Breki iliyoshika haichezi. Tairi linakuwa gumu kuzungushwa, basi.

Sasa jambo ambalo wenye magari wengi wanalikosa: ushahidi uko kwenye joto. Gari linajam, dereva anaegesha, anakunywa soda nusu saa, breki inaachia, anakwenda gereji. Fundi anapiga jeki, tairi linazunguka bila shida. "Mbona zima tu, bosi?" Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Ukiweza, fika gereji breki ikiwa bado imeshika, au mwambie fundi mtoke naye mpaka ishike, kisha mpime hapo hapo. Uwanja uwe tambarare, mawe yawekwe kwenye matairi mengine, gari lilale juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, na mikono ikae mbali na diski.

Nipeli ndiyo inayotenganisha

Juu ya kalipa kuna kinati kidogo chenye tundu, ile nipeli ya kutolea upepo. Hiyo ndiyo inayogawa tatizo mara mbili. Tairi limetolewa, gurudumu bado limeshika, diski haigeuki kwa mikono miwili. Fundi anavisha kimpira chembamba kinachopenya mwanga kwenye nipeli, ncha nyingine inaingia kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyobaki tupu. Anaweka spana ya pete, mara nyingi namba 8 au 10, anageuza robo mzunguko. Angalia kimpira, kisha shika diski.

Mafuta yakiruka kwa nguvu kwenye kimpira na diski ikaachia, presha ilikuwa imefungiwa ndani. Kalipa ilikuwa inatii amri tu. Amri ya kuachia haikufika. Tatizo liko kwenye hosi au juu zaidi, na kwa wakati huo usinunue kalipa.

Mafuta yakidondoka kivivu na diski ikabaki imebanwa vilevile, hapakuwa na presha yoyote. Kalipa yenyewe imekwama: pistoni, pini, au padi zilizogoma kwenye nyumba yake. Kwa tairi la nyuma, ongeza hendibreki kwenye orodha ya watuhumiwa.

Fundi akikataa kufanya hivi kwa kusema ataingiza upepo kwenye mabomba ya breki, mwambie atautoa. Kutoa upepo ni kazi ya dakika chache na ni sehemu ya matengenezo yoyote kati ya haya. Mimi nikiona mtu anataja bei ya kalipa kabla ya kugusa nipeli, nahama gereji.

Kama presha ilikuwa imefungiwa, kipimo cha pili kinatenganisha hosi na masta. Nipeli inafungwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa mpaka gurudumu lishike tena. Safari hii inalegezwa nati iliyo juu, pale bomba la chuma linapokutana na hosi. Gurudumu likiachia, hosi haina kosa, presha ilikuwa inazuiliwa huko juu. Lisipoachia hapo lakini likaachia kwenye nipeli, hosi imeziba. Nati hiyo ni laini na huviringika kirahisi, kwa hiyo itumike ile spana ya pete iliyokatwa mdomo, inayotengenezwa kwa nati za mabomba. Spana ya kawaida ikiila, utanunua na bomba.

Kalipa: pistoni au pini?

Magari mengi tunayoendesha hapa Mwanza, kuanzia IST na Passo mpaka Probox, yana kalipa ya kuteleza mbele. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma padi ya ndani ibane diski, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili na kuvuta padi ya nje ije ibane kutoka upande wake. Ukiachia, hakuna springi inayorudisha pistoni. Kinachoirudisha ni mpira wa duara wenye kona nne, uliokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa: pistoni ikitoka mpira unajipinda nayo, presha ikiisha unajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo sana, chini ya milimita moja. Basi kutu ndogo kwenye pistoni, au mpira uliokauka, unatosha kufuta nafasi hiyo.

Pistoni na pini huonyesha dalili zinazofanana ukiwa umekaa kwenye usukani. Gari linavuta upande, rimu inapata moto, padi zinaisha haraka. Tofauti unaiona ukizitoa padi na kuziweka mezani zikiwa zimelala pamoja.

Pini zikikwama, kalipa haitelezi. Padi ya ndani inafanya kazi karibu yote na inaisha mapema huku ya nje ikiwa bado nene. Ikikwama pini moja tu, padi inalika kwa mshazari, ncha moja nyembamba na nyingine nene. Pini nzima inachomoka kwa vidole na kurudi kwa vidole. Ikihitaji nyundo, umeshampata mbaya wako.

Pistoni ikikwama, pini zinateleza vizuri lakini pistoni haikubali kurudi ndani. Irudishe kwa klampu nipeli ikiwa wazi, ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kusukumwa kurudi kwenye masta au kwenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu). Ikigoma hata nipeli ikiwa wazi, ni pistoni. Ikirudi kwa urahisi nipeli ikiwa wazi na kugoma ikiwa imefungwa, rudi ukaitazame hosi. Hapa usiangalie unene wa padi peke yake, maana pistoni iliyogoma nayo inaweza kuila zaidi padi ya ndani. Uamuzi utoke kwenye kuteleza kwa pini na kurudi kwa pistoni.

Kuna sababu ya tatu, nyepesi kuliko zote, na watu huiruka. Masikio ya padi hukaa kwenye vijumba vya chuma. Vumbi la breki, tope la barabara za mlimani na kutu vikijaa humo, padi inabanwa na hairudi. Dawa yake ni mswaki wa chuma na muda. Hakuna spea ya kununua isipokuwa labda vile vibati vidogo vya kushikia padi.

Ziwa letu lina maji baridi, hayana chumvi, hivyo gari la Mwanza haliliwi na kutu kwa kasi ya gari linalolala pwani ya bahari. Lakini gari lenyewe huenda lilikuja na kutu yake. Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililoishi huko miaka kumi linaweza kufika hapa bodi ikiwa inang'aa na kalipa zikiwa zimeanza kuoza chini. Kabla ya kununua gari, lala chini uangalie kalipa na mabomba. Na ukizoea kuliingiza gari kwenye maji ya ufukweni ili kulisuuza, unapeleka mchanga kwenye mipira ya pini. Mpira ukichanika kidogo, mchanga unaingia na hautoki.

Pini zikisafishwa hupakwa grisi ya breki, ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya beringi hapana: inaivimbisha mipira, na pini uliyoilegeza leo itashika zaidi baada ya muda. Pia tazama kama pini moja ina kimpira kwenye ncha yake. Hizo mbili hazibadilishani matundu.

Hosi: nzima nje, mbovu ndani

Hosi ni ule mpira mweusi mfupi unaotoka kwenye bomba la chuma la bodi kwenda kwenye kalipa, unaopinda kila unapokata usukani. Una matabaka. Tabaka la ndani likizeeka linavimba au kubanduka na kuning'inia kama ulimi ndani ya tundu. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini mpira wa kalipa hauna nguvu ya kuyarudisha. Yanabaki huko. Ndiyo maana gari lenye hosi iliyoziba hujam baada ya kukanyaga breki mara kadhaa kwenye foleni, kisha likikaa dakika chache linaachia polepole.

Hapo ndipo hosi na kalipa zinapotengana waziwazi. Kalipa iliyoshika kwa kutu haina huruma ya kuachia kwa sababu umesubiri. Inaweza kulegea kidogo ikipoa, lakini ukipiga jeki bado utahisi inakwaruza. Hosi huachia kabisa. Ukiikagua kwa macho utaiona nzuri, labda na mipasuko midogo ya uzee, labda haina hata mpasuko. Kwa hiyo kauli ya "hosi nimeiangalia, iko poa" haina uzito mpaka ipite kwenye kile kipimo cha nati ya juu.

Jiulize pia nani alibadilisha padi mara ya mwisho na alifanyaje. Kalipa ikiachwa ining'inie kwa hosi wakati padi zinabadilishwa, au hosi ikibanwa kwa praiza ili mafuta yasimwagike, tabaka la ndani linaweza kuumia siku hiyo na gari likaanza kujam baadaye sana. Kalipa inafungwa kwa waya kwenye springi. Ni sentimita chache za waya.

Kwa gharama, hosi iko chini ya kalipa kwa mbali, kwa hiyo nunua mbili, za kushoto na kulia. Zina umri mmoja. Hosi ya mtumba usiichukue hata ukipewa bure.

Masta na busta: tairi likiwa zaidi ya moja

Tairi moja likishika, tatizo kwa kawaida liko kwenye tairi hilo. Yakishika mawili au yote manne, inua macho juu. Magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya mbele yana breki zilizogawanywa kwa msalaba: mbele kushoto na nyuma kulia njia moja, mbele kulia na nyuma kushoto njia nyingine. Kwa hiyo ukikuta joto kwenye tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia kwa wakati mmoja, usianze kufungua kalipa.

Ndani ya masta kuna tundu dogo linaloruhusu mafuta yarudi kwenye kopo pedali ikiachiwa. Tundu hilo likizibwa, mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na breki zinajikaza zenyewe bila kukanyagwa. Dalili ni pedali inayozidi kupanda na kuwa ngumu kadiri unavyokwenda. Linaweza kuzibwa na uchafu, na mipira iliyovimba, au na fimbo ya busta iliyorefushwa kupita kiasi hivyo masta hairudi mwisho. Hata swichi ya taa za breki ikifungwa vibaya inaweza kuizuia pedali isirudi juu. Ingiza ncha ya kiatu chini ya pedali uivute juu: breki zikiachia, shida iko hapo hapo miguuni. Zisipoachia, fundi alegeze nati mbili zinazoshika masta kwenye busta na kuisogeza mbele milimita chache. Zikiachia sasa, ni fimbo ya busta. Gari ambalo limetoka kubadilishiwa masta au busta juzi lianze na kipimo hiki.

Kuna chanzo kimoja kinachoniuma kukiona kwa sababu kinakwepeka kabisa. Mtu anaona kopo la breki limepungua, anaongeza oili ya injini, au mafuta ya gia ya otomatiki kwa kuwa yanaonekana yanafanana. Mipira ya breki imetengenezwa kwa mafuta ya breki peke yake. Ikikutana na oili inavimba. Fungua kifuniko cha kopo: mpira wa kifuniko ukiwa umevimba na haurudi kwenye nafasi yake, mafuta mabaya yameshapita. Hapo hakuna njia ya mkato. Masta, hosi, mipira ya kalipa na silinda ndogo za nyuma vyote vinatakiwa kubadilishwa na mabomba kusafishwa. Na kopo likipungua, kabla ya kuongeza chochote angalia padi kama zimekwisha au kama kuna mahali panavuja.

Nyuma: hendibreki na dramu

Mji huu ni wa milima na mawe. Mtu wa Igogo au wa Mabatini akiegesha juu huko anavuta hendibreki mpaka mwisho, na ana haki. Ukipanda kivuko cha Kamanga nako unavuta, kisha upande wa pili gari linagoma kutoka kwa wepesi. Kebo ya hendibreki inapita ndani ya ala chini ya gari, na ala ikichubuka maji na tope vinaingia, kebo inashika kutu na hairudi. Ajabu ni kwamba hendibreki isiyotumika kabisa hukwama mapema, kwa kuwa kutu inapata utulivu wa kujijenga.

Kipimo ni kulegeza kebo kwenye nati yake ya kurekebishia. Tairi likiwa huru, ni kebo. Likibaki limeshika, fungua dramu, lile kopo la chuma linalofunika breki ya nyuma: viatu vya breki (vinavyobana dramu kutoka ndani) vimekwama, springi imekatika, au silinda ndogo imeganda. Kwa magari yenye diski na hendibreki kwenye kalipa ileile ya nyuma, tazama kale kamkono kanakovutwa na kebo kama kanarudi mpaka mwisho.

Lakini usichanganye na ule mlio wa "tak" asubuhi baada ya mvua ya usiku. Viatu hushikana na dramu kwa kutu nyepesi, vikaachana gari likisogea. Hiyo haihitaji fundi. Gari litakalolala wiki nzima mahali tambarare liache kwenye P na jiwe kwenye tairi, bila hendibreki. Mlimani vuta hendibreki, weka P, na upinde matairi ili gari likiserereka liishie ukingoni, si barabarani.

Kalipa imethibitika: mipira mipya, mtumba au mpya?

Seti ya mipira ndiyo rahisi kwa bei, na ndiyo chaguo langu la kwanza pistoni ikitoka ikiwa laini. Inatolewa kwa upepo wa kompresa au kwa kukanyaga pedali, kipande cha mbao kikiwa mbele yake na vidole mbali, kwa sababu inaruka kwa nguvu. Pitisha ukucha juu ya pistoni. Ukucha ukiteleza, safisha, weka mipira mipya iliyolowekwa kwenye mafuta ya breki, rudisha. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, hakuna msasa utakaoisaidia. Msasa unaondoa ngozi ngumu ya juu na kutu inarudi haraka zaidi. Hapo tafuta pistoni mpya au kalipa nyingine. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea usafi wa fundi. Kazi hii haifanywi chini ya mti upepo wa ziwa ukipuliza vumbi.

Kalipa ya mtumba inavutia kwa kuwa ni ya kiwandani na inakaa bila mabishano. Lakini imetoka kwenye gari lenye umri kama wa lako na imelala rafu bila mafuta. Inua mpira wa vumbi utazame pistoni, chomoa pini zote mbili, jaribu nipeli kama inafunguka. Muuzaji akikataa hayo, ondoka. Ukiichukua, ivishe seti mpya ya mipira kabla ya kuifunga, na hapo jumlisha gharama uone kama bado ni nafuu.

Kalipa mpya ina uhakika zaidi ikiwa imelingana. Gari la jina moja linaweza kuwa na diski za ukubwa tofauti kwa matoleo tofauti, kwa hiyo nenda dukani na namba ya chasisi na kalipa yako ya zamani mkononi. Iwe mpya au mtumba, ikishafungwa angalia nipeli: lazima ikae juu. Ikikaa chini umefungiwa ya kushoto kulia, upepo hautatoka kamwe na pedali itabaki laini.

Kwa gari la nyumbani linalokwenda kazini na kanisani, mipira mipya kwa fundi msafi inatosha. Kwa teksi au Probox ya abiria inayokimbia Sengerema na Geita kila siku, ningenunua mpya. Tangu Daraja la JP Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 19, 2025, gari linapita bila kusimama. Zamani foleni ya kivuko cha hapo ilikuwa inaipoza breki na kuuficha ugonjwa. Sasa joto linajikusanya kutoka Mwanza hadi mwisho wa safari.

Njia ya nne ipo na inafanywa: kuziba bomba la tairi bovu ili gari litembee kwa breki tatu. Ikataeni. Ukikanyaga kwa dharura gari litazungukia upande mmoja, na kwenye mteremko wenye watoto wa shule pembeni hakuna pa kulipeleka.

Mafuta ya breki baada ya kujam

Mafuta yaliyokaa kwenye kalipa iliyopata moto yabadilishwe, si kuongezwa. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa) inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango chake ni 140 tu. DOT 4 ni 230, na 155 ikiwa na maji. Yakichemka yanatoa mvuke na pedali inazama mpaka chini. Kwa milima yetu nachagua DOT 4, na inachanganyika na DOT 3 bila shida. DOT 5 ya silikoni usiiguse. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja, yanababua.

Breki ikijam safarini, simama mahali salama, zuia matairi kwa mawe, acha ipoe yenyewe. Pedali ikiwa laini, gari lisitembee tena, ita la kuvuta. Kufungua nipeli porini ili kuachia tairi kunakupa mita chache tu, kwa sababu ukikanyaga tena itashika tena.

Kazi ikiisha, usilipe kwa kuangalia tairi likizunguka hewani. Fundi akanyage pedali kwa nguvu mara kadhaa, aachie, azungushe matairi yote ya mbele, kisha mtoke naye mzunguko wa kama kilomita 10 kwenye tambarare na kulinganisha joto la kushoto na kulia. Omba spea za zamani uzione. Padi zilizoungua, zile zenye uso unaong'aa au uliopasukapasuka, zitoke, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli hata kama za upande mzima bado ni nene. Diski ina kipimo chake cha unene wa mwisho kilichochongwa pembeni. Ikiwa chini ya hapo, au imebadilika rangi kuwa ya bluu na pedali inatetemeka, nayo inakwenda pamoja na mwenzake.